Utafiti Uliochukuliwa Usukuma Urudi Usukuma

Anayetaka kuujua Usukuma kwa undani kupitia vitabu hana budi kwanza ashughulikie pasipoti. Herman Batibo, mwana wa Usukuma na mmoja wa wanaisimu wakubwa waliopata kutokea Tanzania, aliichambua fonolojia na mofolojia ya Kisukuma kwa Kifaransa, katika tasnifu aliyoiwasilisha Paris mwaka 1977. Buluda Itandala aliandika historia ya Wabinza wa Usukuma hadi mwaka 1890 na kutunukiwa uzamivu na Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, mwaka 1983. Simeon Mesaki alichunguza mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi, tasnifu yake ikakamilikia Minnesota, Marekani, mwaka 1993. Frank Gunderson, Mmarekani aliyekaa na wakulima wa Kisukuma akirekodi nyimbo zao za jembe, alichapisha zaidi ya 300 kati ya hizo mwaka 2010 kupitia Brill, kampuni ya Uholanzi. Hata karatasi za Hans Cory, mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni aliyekusanya sheria za jadi za Wasukuma wakati watemi wangali madarakani, zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hizo ndizo zilizo karibu kuliko zote, na kuzifikia kutoka Bariadi ni kuivuka nusu ya nchi.

Chukua mfano wa Migato, kata ya wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Kabla ya mwaka 2012, mkoa huu ulipomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, eneo hili lilikuwa ndani ya wilaya ya Bariadi. Watu wake wanalima pamba, mtama, mahindi na dengu, wanafuga ng'ombe, na wanazungumza Kisukuma, lugha ambayo Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika atlasi yake ya mwaka 2009, uliiweka mbele ya nyingine zote nchini kwa wingi wa wasemaji: zaidi ya milioni 5. Watu wa sehemu kama Migato ndio waliotoa kila kilichomo ndani ya vitabu nilivyovitaja. Nyimbo ni zao, majina ya watemi wameyatunza wao kichwani, maneno yaliyopimwa sauti yake yametoka vinywani mwao. Na sitarajii kukuta hata kimoja cha vitabu hivyo katika ofisi ya kata au kabati la shule yoyote ya huko.

Ninachodai ni hiki: utafiti juu ya maisha, lugha na historia ya watu usihesabiwe kuwa umekamilika mpaka urudi kwa watu hao, kwa lugha wanayoisoma na kwa umbo wanaloweza kulitumia. Na wa kuhakikisha hilo ni vyuo vikuu vinavyotoa shahada na mamlaka inayotoa vibali. Haifai kuachwa kwa huruma ya mtafiti mmoja mmoja.

Utaratibu wa sasa unajulikana. Mtafiti anapata kibali. Akiwa anatoka nje ya nchi, kibali kinatoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Anapita mkoani, anapita wilayani, barua inashuka hadi kwa mtendaji wa kata, mtendaji anampigia simu mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti anawaita wazee. Mzee anaacha palizi na kuja. Anakaa chini ya mti, simu ya kurekodi inawekwa mbele yake, naye anaeleza habari za utemi, mahari, ngoma, njaa za zamani, mvua iliyokataa kunyesha. Anatia sahihi au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Panatolewa shukrani, pengine na nauli, na gari linaondoka. Miaka michache baadaye mtu anavaa joho Dar es Salaam, Dodoma au Ulaya, na katika ukurasa wa shukrani kuna sentensi moja kwa ajili ya wazee.

Simlaumu mtafiti. Wengi ni vijana wanaofanya kazi kwa fedha haba huku tarehe ya kuwasilisha ikiwakimbiza. Aliyerudi kijijini na matokeo na ambaye hakurudi wanapata alama ileile, shahada ileile. Mfumo unaopima hivyo unafundisha kwamba mzee wa Migato ni mahali pa kuchota data, na kwamba msomaji halisi ni mtahini.

Kuna watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya anasa, kwamba mkulima wa Simiyu anataka bei nzuri ya pamba na maji ya bomba, hana haja na isimu wala historia. Naichukulia hoja hiyo kwa uzito, kwa sababu wanaoitoa mara nyingi ni watu wanaoijua shida. Lakini nadhani wamekosea, na mauaji ya vikongwe yanaonyesha kwa nini.

Kwa miongo mingi wanawake wazee wameuawa Usukuma kwa tuhuma za uchawi, wengi kwa mapanga, usiku, na macho mekundu yamechukuliwa kuwa ushahidi tosha dhidi yao. Wekundu huo ni wa moshi. Mwanamke aliyepika miaka 50 kwenye mafiga, kwa mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe pale kuni zilipokwisha, ndani ya nyumba yenye kidirisha kidogo, atakuwa na macho mekundu. Hilo daktari analijua. Ila Mesaki, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuishia kwenye moshi. Alirudi nyuma hadi sheria ya uchawi ya mkoloni, akapitia kuondolewa kwa watemi baada ya uhuru, ambao zamani walikuwa na mamlaka ya kusikiliza tuhuma hizo, akaangalia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowatoa watu kwenye miji iliyotawanyika, kila mmoja na eneo lake, na kuwasogeza ubavuni mwa majirani ambao hawakuwachagua. Aliuliza kwa nini wanaokufa zaidi ni wanawake, kwa nini wazee, kwa nini huku na si kwingine. Sura yake juu ya mauaji hayo ilichapishwa Cambridge mwaka 1994, katika kitabu kilichohaririwa na Ray Abrahams. Mwaka 2010 Koen Stroeken wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, alitoa kitabu kizima juu ya uchawi na uganga miongoni mwa Wasukuma.

Haya ni maarifa yanayoweza kumwokoa bibi wa mtu. Wa kwanza kuyahitaji walikuwa mwenyekiti wa kitongoji, hakimu wa mahakama ya mwanzo, mwalimu, mchungaji na katekista, mganga anayepiga ramli, na mjukuu anayeambiwa kwamba ng'ombe wao wamekufa kwa sababu ya shangazi fulani. Walihitaji kuyasikia pia viongozi wa sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwakabili wezi wa ng'ombe, na ambalo lenyewe lilipata kuwageukia waliotuhumiwa uchawi. Abrahams aliliandika hilo nalo, kwa Kiingereza, katika jarida la wasomi. Kampeni za kupinga mauaji zimefanyika, serikali na mashirika yamesema mengi, na sisemi kwamba vijitabu peke yake vingeyakomesha. Nasema kwamba mtu mwenye hofu hashawishiki kwa kukemewa. Akielezwa jinsi hofu yake ilivyojengwa, hatua kwa hatua, na sheria ya nani na mipaka ya nani, anaweza kuanza kuitilia shaka. Maelezo hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 30 iliyopita, yakabaki yakisomwa na watu ambao hawajawahi kuishi na hofu hiyo.

Mfano wa pili, wenye mwisho mwema, ni wa ngitili. Wasukuma wana desturi ya kutenga sehemu ya malisho, kuifunga msimu wa mvua ili nyasi zikue, na kuifungua kiangazi kinapobana. Kwa miaka mingi desturi hiyo haikuhesabiwa na wapangaji. Misitu ilifyekwa ili kumfukuza mbung'o na kupisha pamba, mifugo ikaongezeka, na ardhi ya Shinyanga, ambayo wakati huo ilijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ikawa uwanda mtupu uliotishia kugeuka jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ulipopata mafanikio makubwa ni pale ulipoacha kutegemea kupanda miche peke yake na kuwasikiliza wenyeji juu ya ngitili, kanuni zake, na namna jamii inavyomwadhibu anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto, na mwaka 2002 HASHI ikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Wataalamu wa misitu wanastahili sifa yao. Lakini kilichookoa ardhi ile kilikuwa mila, sheria za jadi na kumbukumbu za wazee, vitu vilevile ambavyo idara za historia, anthropolojia na fasihi simulizi zipo kwa ajili ya kuvisoma.

Nikitoka Usukuma kidogo, nimfikirie Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Huyu hakuwa mtafiti wa chuo. Alikuwa msomi wa seminari aliyetumikia wamisionari na kuwajua wazee wa kwao kwa karibu. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe riwaya kubwa ya maisha ya mume na mke wa zama za kabla ya ukoloni, yenye kila kitu ndani yake: kilimo, pombe, ugumba, dawa, adabu za ukweni. Hakupata mchapaji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliokuja Ukerewe kwa utafiti, waliuona mswada na kuhangaika kuutafutia njia. Kitereza mwenyewe, akiwa mzee na mgonjwa, aliutafsiri kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, zaidi ya miaka 30 baada ya kazi kukamilika, na mwaka 1981 Kitereza akafariki kabla ya kukishika mkononi. Kisa hiki kinaniuma kila ninapokikumbuka. Lakini kina upande wa pili: watafiti wageni waliona kwamba mwenyeji wao ana kazi iliyo kubwa kuliko madodoso yao, na mzee akaona kwamba Kiswahili kitawafikia wengi ambao Kikerewe hakiwafikii. Bila mambo hayo mawili tusingekuwa na kitabu hicho leo.

Jan Bender Shetler, mwanahistoria wa Marekani aliyetafiti upande wa magharibi wa Serengeti, mkoani Mara, alifanya jambo la aina hiyo kwa makusudi. Kabla ya kutoa kitabu chake kikubwa juu ya Serengeti mwaka 2007, alichapisha mwaka 2003 mkusanyo wa historia zilizoandikwa na wenyeji wa kusini mwa Mara wenyewe, kila mmoja akieleza habari za watu wake. Wazee hao hawakugeuzwa kuwa rejeo la chini ya ukurasa, ni waandishi. Kenya nako, mwaka 2014, maktaba ya muziki ya ILAM ya Afrika Kusini ilishirikiana na Ketebul Music ya Tabu Osusa kurudisha kwa Wakipsigis nyimbo ambazo Hugh Tracey alizirekodi kwao mwaka 1950. Miongoni mwa waliozipokea alikuwamo mtu ambaye sauti yake ilikuwa kwenye rekodi zile. Walichelewa miaka 64, lakini walifika.

Na sisi tuna mfano wetu, wa zamani kuliko hiyo miwili. Mwaka 1968 idara ya historia ya Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wake vijijini wakati wa likizo ndefu kukusanya habari za Vita vya Maji Maji kutoka kwa wazee waliovishuhudia. Mradi huo, uliokuwa na watu kama Gilbert Gwassa na John Iliffe nyuma yake, uliwachukua vijana wa shahada ya kwanza na kuwaamini kwa kazi nzito. Wengi walikwenda sehemu ambazo lugha zake walizijua. Bila wao, mengi tunayoyafundisha leo juu ya mwaka 1905 yangekuwa maneno ya Wajerumani tu. Sioni kwa nini kijana wa Itilima anayesoma katika chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe, Mwanza, UDOM cha Dodoma au Mlimani, Dar es Salaam, asitumwe nyumbani kwa namna hiyo likizo ijayo. Bibi yake yupo. Lugha anayo. Anahitaji mwalimu wa kumwongoza, kifaa cha kurekodi, na uhakika kwamba atakachoandika kitahesabiwa.

Fedha nyingi zinaingia vyuoni wakati huu. Mradi wa HEET, wa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, unajenga madarasa na maabara nchi nzima, na Simiyu yenyewe imepata kampasi ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM. Nafurahia kila tofali. Uzito mkubwa wa mradi huo, hata hivyo, uko kwenye sayansi, teknolojia na fani zinazoonekana kuzaa ajira haraka. Fasihi, historia, isimu na falsafa zinabaki zikitegemea wafadhili wa nje, nao wanakuja na maswali yao na lugha yao. Mradi wa Lugha za Tanzania ulitegemea fedha za Sweden. Mfadhili akiondoka, kazi inasimama, na mwenye maswali ya Migato anabaki bila mtu wa kumwuliza.

Lugha ndiyo kikwazo kinachoweza kuondolewa kwa gharama ndogo kuliko vyote. Tasnifu nyingi za vyuo vyetu siku hizi zinawekwa kwenye hifadhi za mtandao, na vijana wa vijijini wana simu. Kijana wa Migato anaweza kuifungua tasnifu juu ya kwao akiwa amekaa kwenye toroli la ng'ombe. Anakuta kurasa 300 za Kiingereza, sura ya pili nzima ikiwa ni nadharia za watu wa mbali, na habari za babu yake zimekatwakatwa katikati ya nukuu. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, imethibitisha kwa majarida yake Kiswahili na Mulika kwamba utafiti wa kiwango cha juu unaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Idara nyingine hazina sababu ya kungoja zaidi.

Mtu akiuliza kinachotakiwa hasa, ni kidogo. Kila tasnifu ya uzamili na uzamivu iliyotokana na mahojiano ya kijijini iambatane na kijitabu cha Kiswahili, kurasa 20 hivi, kilichoandikwa kwa ajili ya waliohojiwa. Rekodi zirudishwe kwa familia na kwa ofisi ya afisa utamaduni wa wilaya, na nakala nyingine ihifadhiwe katika ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Nyaraka za Taifa jijini Mwanza. Mtafiti arudi mara moja, asome matokeo mbele ya mkutano wa kijiji, asikilize masahihisho, na masahihisho hayo yaingie kwenye kazi kabla ya kufungwa. COSTECH tayari inadai taarifa kutoka kwa watafiti inaowapa vibali. Iongeze sharti kwamba taarifa hiyo ifike na katani.

Hilo la masahihisho ndilo ninalolithamini zaidi. Wazee hawapo tu kwa ajili ya kupokea. Nyimbo za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana Usukuma kwa vizazi, zimejaa majina ya watu na kejeli kali. Kuna zinazofaa kuchapwa na kuna zinazoweza kuamsha ugomvi uliokwisha, na anayejua tofauti hiyo ni mtu wa hapo hapo. Kuna elimu ya tiba ambayo bafumu, yaani waganga, hawaitoi kwa kila mtu, na wana haki hiyo. Mtafiti akijua kwamba atasimama mbele ya watu walewale na kusoma alichoandika, atauliza kwa uangalifu mwingine na kunukuu kwa uaminifu mwingine. Usukuma umewahi kuwa na desturi ya namna hii: kule Bujora, Kisesa, ambako Padre David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, kulikuwa na kamati ya wazee waliokaa wakijadiliana juu ya mila na historia kabla ya kuziweka kwenye maandishi.

Kuhusu gharama, kijitabu cha kurasa 20 kinachapwa kwa fedha ambayo haifiki bei ya nakala moja au mbili za vitabu vya kitaaluma vinavyotoka Ulaya. Kuhusu muda, miezi miwili ikiongezwa kwenye miaka mitatu ya uzamivu haimwangushi mtu. Na anayeogopa kwamba hakuna atakayesoma, naomba aangalie ratiba za shule. Tangu mtaala mpya uanze kutumika, wanafunzi wanasoma somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu wa sekondari katika wilaya ya Itilima anayefundisha somo hilo anahitaji habari za utemi wa Ntuzu, za ngitili, za vyama vya ngoma, za jinsi pamba ilivyobadilisha ndoa na kazi za nyumbani. Sehemu kubwa ya habari hizo imeshatafitiwa, imeshalipiwa na imeshasahihishwa na maprofesa. Vyuo vianze na tasnifu zilizokwisha kutolewa juu ya mkoa wa Simiyu: kila idara ichague tano, iwape wanafunzi wa uzamili kazi ya kuziandika upya kwa Kiswahili kama sehemu ya masomo yao, na nakala za kwanza zifike kwa afisa elimu wa wilaya, Lagangabilili, kabla muhula wa Januari haujafunguliwa.